Sura ya Sita: Anwani ya Buluu

Mtu wa Kiomboni au Mbwera anayetaka kwenda Kibiti kutuma barua pepe hutazama kwanza maji. Bahari ya pwani hii hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mikono ya mto Rufiji ndani ya delta huifuata. Maji yakikauka, boti hukaa juu ya tope katikati ya mikoko na abiria wakasubiri. Yakijaa, boti huondoka, uwe umefika au hujafika. Akishashuka Nyamisati, msafiri anatafuta gari au bodaboda mpaka Bungu kwenye barabara kuu ya Kilwa, kisha anashika njia ya kusini hadi Kibiti mjini. Hapo ndipo zilipo ofisi za wilaya tangu Kibiti ilipomegwa kutoka Rufiji katikati ya miaka ya 2010. Kabla ya hapo makao makuu yalikuwa Utete. Na hapo ndipo zilipo steshenari, zenye fotokopi, mashine ya kulamineti, kompyuta mbili tatu na foleni.

Tuseme msafiri wetu ni katibu wa kikundi cha wafugaji nyuki wa kwenye mikoko. Kikundi kinataka kuomba ufadhili kwa shirika fulani, na mashirika ya namna hiyo hayakosekani, kwa kuwa mikoko ya Rufiji inajulikana duniani: eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2004. Tangazo la shirika liko kwenye tovuti, na mwisho wake kuna anwani ya barua pepe iliyoandikwa kwa buluu na kupigiwa mstari. Katibu amekuja na andiko lake kwenye flashi. Anaweka kishale juu ya anwani ile, anabofya.

Hakitokei kitu. Anabofya tena. Au linafunguka dirisha geni lenye maneno mengi, linataka aongeze akaunti, linauliza jina la seva ambalo hajawahi kulisikia.

“Dada, mbona hii haifunguki?”

“Mtandao unasumbua leo, kaka. Labda ujaribu kesho.”

Kwa mtu wa Kiomboni, kesho ni nauli nyingine ya boti, nauli nyingine ya bodaboda, na usiku mmoja kwa ndugu aliyepo mjini kama yupo. Na sababu aliyopewa si ya kweli. Mtandao haukuwa na tatizo, kwani ukurasa wenye tangazo ulifunguka. Kompyuta haikuwa mbovu, wala anwani haikukosewa. Kilichokosekana ni mpangilio mmoja kwenye kivinjari, ambao mtu anayeujua huumaliza kabla chai haijapoa. Nimelitengea sura nzima jambo hili dogo kwa sababu nimechoka kuona watu wakirudishwa nyumbani kwa jibu la “mtandao unasumbua” wakati mtandao upo.

Tuanze na kinachotokea ndani ya mashine. Kila kiungo kwenye ukurasa wa tovuti kina anwani iliyofichwa nyuma ya maandishi, na mwanzo wa anwani hiyo huiambia kompyuta namna ya kuishughulikia. Kikianza na https, kivinjari kinajua kwamba hiyo ni kazi yake: kiende kuleta ukurasa. Kikianza na tel, ni namba ya simu, na simu itaandaa kupiga. Kikianza na mailto, ni barua pepe. Hapo kivinjari hakiendi popote. Kinachukua anwani, kinageuka kutafuta ni nani ndani ya kompyuta hii mwenye kazi ya kuandika barua, na kumkabidhi. Kama hajatajwa mtu, au aliyetajwa ni programu ambayo hakuna aliyewahi kuiandaa, anwani hubaki mikononi mwa tarishi aliyefika kwenye nyumba isiyo na mwenyewe.

Kwa nini kivinjari kisijue kwamba barua za katibu wetu zinakaa Gmail? Jibu linaturudisha nyuma kidogo. Barua pepe ni kongwe kuliko tovuti. Ray Tomlinson, mhandisi wa Marekani, alituma ujumbe kati ya kompyuta mbili mwaka 1971 na ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la mashine. Tovuti zilikuja miaka ishirini baadaye, na kanuni ya mailto ikaandikwa rasmi mwaka 1994. Walioiandika walikuwa watu wa vyuo vikuu na maabara, kila mmoja na meza yake na mashine yake, na ndani ya mashine hiyo programu maalumu ya barua iliyoandaliwa na fundi wa chuo. Kwao ilikuwa dhahiri: ukibofya anwani, programu ile ifunguke. Hawakuwa na haja ya kuuliza “ipi?” kwa kuwa ilikuwa moja, na ilikuwa tayari.

Afrika Mashariki wengi wetu hatukupita njia hiyo. Hotmail ilianza Julai 1996, Yahoo ikafuata na barua zake mwaka uliofuata, na vizazi vya mwanzo vya watumiaji wa intaneti Dar es Salaam na Mombasa walifungua sanduku lao la kwanza la barua ndani ya intaneti kafe, wakilipa kwa dakika, kwenye kompyuta ambayo saa moja baadaye ingekaliwa na mtu mwingine. Katika mazingira hayo programu ya barua yenye kuhifadhi ujumbe ndani ya mashine isingemfaa mtu. Barua ilipaswa kukaa mbali, kwenye tovuti, mwenyewe aifuate kutoka mashine yoyote. Gmail ikaja tarehe 1 Aprili 2004 na nafasi ya gigabaiti moja, kubwa kupita kiasi kwa wakati ule. Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ukatua Dar es Salaam na bei zikaanza kupungua. Kisha zikaja simu za Android, na akaunti ya Gmail ikawa kitu ambacho mtu hufungua siku ile ile anayonunua simu, mara nyingi akifunguliwa na muuza duka, na nenosiri likisahaulika kabla hajafika nyumbani.

Kwa hiyo kompyuta ya steshenari inapofungua dirisha la kuuliza jina la seva, inamdhania katibu wetu kuwa mtu mwingine kabisa, mtu wa ofisi ya miaka ya tisini yenye fundi wake. Kosa si la katibu, wala si la dada wa steshenari. Mashine imetoka kiwandani na dhana isiyolingana na maisha ya wanaoitumia, na dhana hiyo inaweza kubadilishwa.

Uwezo wa kuibadilisha ulikuja na Firefox toleo la 3, Juni 2008. Mpaka hapo kivinjari kiliweza kuikabidhi barua kwa programu iliyo ndani ya kompyuta tu. Kuanzia hapo tovuti yenyewe iliruhusiwa kujitambulisha kwa kivinjari: mimi ninaandika barua, ukipata anwani ya mailto niletee mimi. Utaratibu huo ukaingizwa katika kanuni za HTML5, na Chrome ikaufuata. Kwa ndani ni jambo jepesi. Tovuti ya barua hukipa kivinjari anwani ya ukurasa wake wa kuandikia, yenye pengo mahali fulani, na kivinjari hujaza pengo hilo kwa anwani uliyobofya. Kuna masharti mawili ya usalama. Tovuti inaweza kujiombea yenyewe tu, haiwezi kuombea nyingine; na lazima wewe mwenyewe ukubali. Hakuna tovuti inayoweza kujifanya msimamizi wa barua zako kimyakimya.

Sasa kazi yenyewe. Kwenye Chrome, ingia kwanza kwenye Gmail yako mpaka uone barua zako. Tazama ule upau wa juu unaoandikwa anwani za tovuti, upande wa kulia. Kutakuwa na alama ndogo ya almasi mbili zilizopandana. Ibofye, kivinjari kitakuuliza kama unaruhusu Gmail ifungue viungo vyote vya barua pepe, nawe kubali. Basi. Usipoiona alama hiyo, huenda kuna siku mtu alikataa kwa haraka akidhani ni tangazo, au ruhusa ya tovuti kuomba kazi hiyo imezimwa. Andika chrome://settings/handlers kwenye upau huo huo, bonyeza Enter, na ukurasa unaohusika utafunguka: ruhusu tovuti ziombe, na kama Gmail imo katika orodha ya zilizozuiwa, iondoe hapo, kisha rudi Gmail na upakie ukurasa upya.

Firefox ni rahisi zaidi, na kwa maoni yangu imepangwa kwa busara zaidi. Fungua mipangilio, shuka katika sehemu ya kwanza ya jumla mpaka ufike kwenye orodha ya programu na aina za mafaili. Tafuta mstari wa mailto. Upande wa pili utaona kinachotumika sasa. Ukibofya hapo, orodha itashuka na Gmail huwa imo. Chagua. Hakuna haja hata ya kuwa umeingia kwenye barua wakati huo.

Limebaki tabaka moja ambalo huwachanganya hata mafundi. Ulichokifanya ndani ya kivinjari kinahusu viungo vinavyobofywa ndani ya kivinjari hicho. Ukibofya anwani iliyo ndani ya waraka wa Word au faili la PDF lililofunguliwa kwa programu nyingine, anayeulizwa ni Windows, na Windows ina jibu lake. Ingia mipangilio ya Windows, sehemu ya programu, kisha programu za msingi, andika MAILTO kwenye kisanduku cha kutafutia, na uchague kivinjari chako. Hapo Windows itakipa kivinjari, kivinjari kitaipa Gmail. Kompyuta nyingi za ofisi zilikuwa zimeelekezwa kwenye programu ndogo ya Mail iliyokuja na Windows, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 31 Desemba 2024 na kuwasukuma watu kwenye Outlook mpya. Ndiyo maana kompyuta ambazo zilikuwa kimya kwa miaka mingi zimeanza kufungua dirisha la Outlook ambalo hakuna aliyeliomba.

Mpaka hapa nimesema kana kwamba kompyuta ni ya mtu mmoja. Kibiti mara nyingi sivyo, na hapa ndipo penye hatari ambayo maelekezo ya kawaida hayaigusi, kwa kuwa waandishi wake wanafikiria mtu mmoja na laptopu yake.

Kivinjari kilichowekwa Gmail hakijui Gmail ya nani. Kinafungua ukurasa wa kuandikia wa yeyote aliyeingia, na kama wameingia zaidi ya mmoja, humchukua aliyeingia wa kwanza. Steshenari nyingi akaunti ya kwanza ni ya duka, ile inayopokelea kazi za kuchapisha. Katibu wetu anabofya anwani ya buluu, safari hii dirisha zuri linafunguka, anwani ya shirika imeshajazwa, anaambatisha andiko lake, anatuma na kuondoka kuwahi maji. Barua imekwenda kwa jina la duka. Wiki mbili baadaye shirika linajibu: mmepita hatua ya kwanza, tuleteeni usajili wa kikundi kabla ya Ijumaa. Jibu hilo linaingia kwenye sanduku la steshenari, katikati ya maombi ya kuchapa kadi za harusi. Kule Kiomboni wanaendelea kusubiri.

Hilo naliona baya kuliko kiungo kisichofunguka. Kiungo kilichokataa humwambia mtu kwamba kuna tatizo. Barua iliyotoka kwa jina lisilo lako hukuonyesha kwamba mambo yamekwenda sawa.

Basi ushauri wangu hugawanyika kufuatana na mwenye mashine. Kama kompyuta ni yako, au ni ya meza yako ofisini na haikaliwi na mwingine, weka mpangilio leo. Kama ni ya wote, usiweke. Kwenye kompyuta ya wote fungua dirisha la mgeni, ambalo halikumbuki kitu likishafungwa, ingia kwenye barua yako humo, kisha rudi kwenye tangazo ndani ya dirisha hilo hilo. Badala ya kubofya anwani ya buluu kwa kitufe cha kushoto, bofya kwa kitufe cha kulia. Itashuka orodha fupi, na Chrome na Firefox zote zina humo mstari wa kunakili anwani ya barua pepe. Nakili, nenda kwenye barua yako, bandika kwenye mstari wa mpokeaji. Kabla ya kutuma tazama picha au herufi iliyo kwenye duara juu kulia: je, ni yako? Ukimaliza toka, funga dirisha. Kunakili ni salama kuliko kuandika kwa mkono, maana herufi moja ikiruka barua hurudi au hupotelea kwa mwingine.

Wenye steshenari wana wajibu wao pia. Akaunti ya duka isiachwe wazi kwenye kompyuta wanayokalia wateja. Iwe kwenye mashine ya mwenye duka peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na nakala za vyeti, namba za NIDA na barua za wateja ni taarifa binafsi za watu. Lakini hata isingekuwepo sheria, mtu aliyekukabidhi cheti chake cha kuzaliwa ukitoe kopi amekuamini.

Kuna watakaosema: haya yote ya nini, na watu siku hizi wana simu? Ni kweli kwamba kwenye simu ya Android tatizo hili karibu halipo, kwa kuwa programu ya Gmail huja nayo na ukigusa anwani inafunguka yenyewe. iPhone nayo, tangu iOS 14 ya mwaka 2020, humruhusu mwenyewe kuchagua programu ya barua anayoitaka. Kwa ujumbe mfupi, simu inatosha. Ila andiko la kurasa kumi na mbili lenye bajeti, barua iliyogongwa mhuri wa kijiji na kuskaniwa, na viambatisho vinne vilivyoagizwa viwe PDF, huandaliwa kwenye kompyuta, na huko ndiko watu hukwama. Usajili wa kampuni BRELA, zabuni za serikali kwenye mfumo wa NeST ulioanza 2023, vyote vinamtaka mtu awe na barua pepe anayoifikia. Asiye na mazoea ya sanduku lake hupitwa, hata kama ana simu nzuri mfukoni.

Upande mmoja programu za kizamani bado zinaishinda barua ya kwenye tovuti. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kusini mwa pwani yetu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku chache kabla, kimbunga Hidaya kilikuwa kimepita na barabara ya kusini kukatika, na mwezi mmoja nyuma mafuriko ya Rufiji yalikuwa yameingia mashambani na majumbani. Katika siku kama hizo barua ya kwenye tovuti huenda isifunguke kabisa. Programu iliyomo ndani ya kompyuta inakuwezesha kuandika, ikahifadhi barua, na kuituma mtandao ukirudi. Kwa ofisi ya kata iliyo ndani ya delta, ambako mtandao huja na kuondoka, ningependekeza kompyuta ya mtendaji iandaliwe programu hiyo ipasavyo, mara moja, na mtu anayeijua kazi. Asiyeweza kupata fundi awashe huduma ya nje ya mtandao ndani ya mipangilio ya Gmail kwenye Chrome, inayofanya kazi hiyo hiyo. Tena iwe kwenye mashine isiyoguswa na wengine, kwa sababu barua hunakiliwa ndani yake.

Nimalizie kwa wale wanaotengeneza hizo anwani za buluu, maafisa TEHAMA wa halmashauri na vijana wanaojenga tovuti za mashirika. Mna uwezo wa kumrahisishia kazi mtu wa upande wa pili. Baada ya anwani ndani ya kiungo mnaweza kuweka alama ya kuuliza na neno subject, kisha kichwa cha barua, nayo ikifunguka mwombaji akute kichwa kimeshaandikwa nanyi mzipange barua kwa urahisi. Kiungo hakiwezi kubeba kiambatisho, kwa hiyo semeni waziwazi ni mafaili gani mnayataka. Jaribuni viungo vyenu kwenye kompyuta isiyo na programu ya barua iliyoandaliwa, siyo kwenye zenu tu. Na zaidi ya yote, msiifiche anwani nyuma ya maneno “Bofya hapa” wala nyuma ya picha ya bahasha. Iandikeni yote kwa herufi zinazoonekana, ili kiungo kikigoma mtu aweze kuisoma, kuinakili kwenye daftari, na kutuma barua yake kwa simu akiwa ndani ya boti.